Abiria wa Mchanga

Ndege ninayoifahamu kuliko zote haikuwahi kutua Kolwezi, mji wetu wa migodi huko Katanga. Nilijua upana wa mabawa yake, hesabu ya viti vyake, mafuta inayokula kwa saa moja ikiwa juu ya Sahara, hata vyoo vyake ni vingapi na vimekaa wapi. Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kusaidia kuileta, mimi na mzee mmoja ambaye peke yake ndiye aliyekuwa idara nzima ya mipango ya shirika letu dogo la ndege. Nitaandika mambo yalivyofuatana, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuandika hivyo. Kila nikifika katikati hutamani kuruka ukurasa, lakini hilo si kosa la mpangilio.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Dilala, katika nyumba ambayo zamani alikaa mhandisi mzungu wa migodi. Chumba chetu kilikuwa cha watoto wa huyo mhandisi, na mama yao alikuwa amewachorea sungura ukutani. Chini ya sungura hao mzee alitundika ramani ya Afrika na Ulaya. Mezani aliweka tufe la dunia la shule, uzi wa kushonea, rula na penseli tatu za rangi. Akitaka kujua safari ina urefu gani, alibana ncha ya uzi penye Kolwezi, akauvuta juu ya tufe hadi Ulaya, akauweka kwenye rula. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini asipime moja kwa moja kwenye ramani.

“Ndege haitembeaka ku karatasi, mutoto,” aliniambia. “Inatembea ku dunia, na dunia iko muviringo.”

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Yeye alizaliwa Kapata, katika safu za nyumba za wafanyakazi, akasoma huko, akaoa huko, na Mbuji-Mayi, mji mkubwa wa Kasai, aliijua kwa uzi tu, kama alivyoijua Ulaya. Alioa binti wa jirani, naye wa Kasai. Mimi ni Mluba wa Katanga ya kaskazini. Lugha ya nyumbani kwake na ya nyumbani kwetu zinaelewana kwa sehemu kubwa, na wakati mwingine tulitaniana nani anazungumza vibaya zaidi. Jambo hilo halikuwa na uzito wowote hadi lilipopewa uzito.

Tatizo la ndege kubwa na mji wetu ni rahisi kueleza. Kolwezi iko juu sana na jua lake ni kali, hivyo hewa ni nyepesi na haiibebi ndege vizuri. Ukijaza abiria na mafuta ya kufika Ulaya, njia ya kurukia itaisha magurudumu bado yako chini. Mzee alitumia miezi akitafuta jibu, na jibu lake lilikuwa zuri. Ndege iondoke kwetu asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi, ikiwa na mafuta kidogo. Ishuke Mbuji-Mayi, ambako ni chini zaidi, ichukue wafanyabiashara wa almasi, ambao walikuwa wakienda Ulaya kila mara kwa kuzungukia mji mkuu, ijaze mafuta hapo, kisha iende moja kwa moja. Mara mbili kwa juma. Alisisitiza pia kwamba ndege moja si ratiba. Ikiharibika Ulaya Jumanne, abiria wa Ijumaa watalala wapi? Kwa hiyo kila toleo la mpango lilikuwa na ukurasa wa mwisho kuhusu ndege ya pili, ya kukodi pamoja na shirika lingine, na kila mara mkurugenzi aliuchomoa ukurasa huo.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa hapa, kama mimi. Alinukia vizuri. Alikula karanga za kukaanga siku nzima akitema maganda mekundu ndani ya kiganja, na alipokuja chumbani kwetu aliyamwaga juu ya ramani, kati ya Ureno na Moroko, kisha akasahau kuyaondoa. Mzee aliyafagia kwa ukingo wa rula.

Kujua nani atapanda ndege hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilizunguka na fomu: ofisi za migodi, hospitali, misheni, shule, wenye malori, wenye maduka. Nani husafiri mbali, kwa sababu gani, mara ngapi kwa mwaka. Mzee alipanga majibu katika jedwali la kurasa nne, kazi kwa kazi. Wahandisi, madaktari, walimu wakuu, wafanyabiashara. Jedwali lilionyesha viti vinajaa, na kwa muda mfupi tuliamini.

Kisha mambo yakaanza kumomonyoka pande zote mbili. Shimo kubwa la mgodi wa chini ya ardhi liliporomoka, shaba ikapungua, mashine za mgodi wa Mashamba zikasimama moja baada ya nyingine na vipuri vyake vikaibwa mchana. Wazungu waliondoka. Na wanasiasa wa jimbo letu walipanda majukwaani kutuambia kwamba njaa yetu ina mwenyewe, naye ni Mkasai. Waliwaita bilulu, wadudu. Neno hilo nililisikia kwanza redioni, halafu sokoni, halafu kwa mwalimu aliyenifundisha kusoma. Nyumba za Kapata ziliwekwa alama za chaki mlangoni. Asubuhi moja jirani anakuja kukuambia toka. Mchana anapima madirisha yako apate kujua pazia zake zitatosha. Nimeona kwa macho mwanamke aliyekuja kuhamia akimwomba mwenye nyumba, ambaye bado alikuwa amebeba godoro lake mgongoni, asikokote kabati lisije likakwaruza sakafu.

Waliofukuzwa walikwenda stesheni. Treni za kwenda Kasai hazikuwa na siku. Watu walikaa pale majuma, kisha miezi, chini ya mabati na nailoni, na wengine walihamia shuleni. Upepo ukivuma kutoka huko, harufu ilifika hadi ofisini, na mkurugenzi alifunga dirisha.

Siku mojawapo katika siku hizo nilimkuta mzee akipitisha mstari mwembamba wa penseli kwenye jedwali letu. Alikuwa akifuta wahandisi. Akafuta walimu wakuu, akafuta wafanyabiashara wengi, akajumlisha upya, akaandika chini kwamba viti havijai hata nusu na kwamba ndege ya masafa marefu haina kazi Kolwezi. Aliandika bila hasira, kama mtu anayerekebisha urefu uliopimwa vibaya. Kisha akapeleka karatasi kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi aliisoma amesimama. Wenye ndege, kampuni ya ng'ambo iliyotaka kutukodisha, walikuwa wanatuma marubani wao kujaribu njia ya kurukia, na mwenyewe alishawaahidi mpango uliojaa. Akamwambia mzee kwamba amekosea kitu kimoja. Hao watu wamepungua mjini, sawa, lakini si wako stesheni? Na stesheni wanataka nini kama si kusafiri? Basi hao ni mahitaji ya usafiri, tena yanaonekana kwa macho. Wahesabiwe.

Nilidhani anatania. Nilipewa fomu zilezile, nikaenda stesheni.

Hilo ni la kwanza ninaloona aibu kulisimulia. Nilipita kati ya masufuria na watoto wenye kuhara nikiuliza: unakwenda wapi, sababu ya safari, husafiri mara ngapi kwa mwaka. Fomu ilikuwa na sababu nne tu: biashara, masomo, matibabu, familia. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele juu ya kifuniko cha sanduku la chuma alinisikiliza mpaka mwisho.

“Andika, nilifukuzwa,” akasema.

Nikamwambia nafasi hiyo haiko kwenye fomu.

“Basi wewe tafuta yenye inafanana.”

Wenzake walicheka. Mmoja akaniuliza kama ndani ya ndege hiyo watapewa kuku, na mwingine akasema yeye atataka kiti cha dirishani ili aone nyumba yake anakaa nani. Mzee alinifunza kutoacha kisanduku wazi. Nikaweka alama kwenye “familia”, na kwa jioni nzima niliweka alama kwenye “familia”, mara mamia.

Nilipoleta fomu, mzee aliziangalia moja moja. Hakuzikataa. Sasa nieleze kwa nini, kwa maana bila hilo atadhaniwa kuwa mtu mwingine. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, na ngazi tatu za mlango wao zilimlazimu kupumzika mara mbili. Nyumba yao ya Kapata ilikuwa imeshawekewa chaki. Daktari wao, ambaye naye alikuwa amefunga mizigo, alisema wazi kwamba mama huyo hatavumilia behewa lililo wazi, jua na mvua, na siku za kusimama porini. Dada mdogo wa mama huyo alikuwa muuguzi Mbuji-Mayi. Na ndege ya majaribio, kwa kufuata mpango wa mzee mwenyewe, ingeruka kutoka Kolwezi kwenda Mbuji-Mayi: safari isiyofika saa mbili.

Mkurugenzi alilijua hilo. Akalisema mbele yangu, akitafuna, akimwita tata, yaani baba: “Maliza faili, tata. Iwe yenye kujaa. Siku ya kujaribu, mama atapanda.”

Mzee akamaliza faili. Aliweka watu wa stesheni ndani ya jedwali, katika safu mpya, kwa mwandiko wake mzuri. Ukurasa kuhusu ndege ya pili hakuuandika kabisa.

Ndege iliyokuja haikuwa ile kubwa. Ilikuwa ya jamii hiyohiyo lakini ndogo, na jaribio lilikuwa hili: ijazwe hadi uzito uliokadiriwa kwa uwanja wetu, iruke, na ipimwe inaacha ardhi wapi. Mzee alipendekeza ijazwe watu wa stesheni, kwa kuwa wapo na wanakwenda hukohuko. Mkurugenzi akasema wageni hawataki vurugu, na kwamba mtu hana uzito wa kuaminika, leo amekula kesho hajala. Akaagiza mchanga. Vibarua walijaza mifuko ya nailoni kwenye malundo ya Mashamba, kila mfuko uzito wa abiria na mzigo wake, wakaifunga mikanda kitini, mmoja mmoja. Viti viwili tu vilibaki wazi kwa ajili ya mama na mumewe. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa.

Karatasi ya uzito niliiandika mimi. Ni karatasi inayosema kila kiti kina nini, na rubani haondoki bila hiyo. Chini kabisa ina kisanduku cha mabadiliko ya dakika za mwisho, yaani mtu akiongezeka au akipungua baada ya sahihi. Katika mashirika mengine kisanduku hicho huachwa wazi. Kwetu ndicho kilichokuwa mlango wa shemeji wa mkuu wa polisi, mpwa wa gavana na mzigo wa bibi wa mtu fulani. Ndege zetu ndogo ziliwahi kuondoka na watu wamekaa juu ya ndoo. Mzee ndiye aliyekomesha. Alianzisha desturi ya kupitisha mstari mwekundu juu ya kisanduku hicho mara tu sahihi inapowekwa, na ukishapita mstari, hata waziri habadilishi kitu. Alijivunia mstari huo kuliko mpango wote.

Mchana wa siku iliyotangulia jaribio mkurugenzi aliniita. Wageni wameomba uzito ulingane pande zote, akasema, kwa hiyo vile viti viwili navyo viwekwe mchanga. Mambo ya mama yatapangwa kesho palepale uwanjani. Nikaandika mchanga. Kazi ilikuwa imekamilika, nami sipendi kulaza kazi iliyokamilika. Nikatia sahihi. Kisha nikachukua kalamu nyekundu na rula nikapiga mstari, ulionyooka, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyenilazimisha kufanya hivyo siku hiyo. Ningeweza kuuacha mpaka asubuhi.

Walifika uwanjani saa mbili na nusu, kwenye gari la jirani aliyekuwa hajawageuka. Mama alivaa kitenge cha bluu cha kuendea harusi za watu, na viatu vya mumewe kwa sababu vyake havikuingia. Alisalimia kila mtu. Mzee alimwomba asimame kwenye mizani ya mizigo, akasoma, akaweka na kikapu chake, akasoma tena, akaandika kwenye kiganja cha mkono. Ndipo akapanda ngazi za ndege kutafuta viti, na akarudi chini taratibu.

Alimfuata mkurugenzi pale alipokuwa na marubani wawili, akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba mke wake na kikapu ni pungufu kuliko mfuko mmoja. Utolewe mfuko mmoja tu. Yeye mwenyewe hahitaji kiti, atapanda treni.

Mkurugenzi hakukataa. Ningempenda zaidi kama angekataa. Alitazama saa, akatabasamu kwa wageni, akanionyesha kwa kidevu.

“Karatasi iko ya huyu. Kama anataka kuianza upya, aanze.”

Karatasi mpya ilihitaji robo saa. Fomu tupu zilikuwa kwenye mkoba wangu. Marubani walikuwa wananitazama, na mmoja wao alikuwa na uso wa mtu asiyejua kinachozungumzwa lakini yuko tayari kungoja. Niliwaza mambo mengi katika muda mfupi, na yote yalihusu mimi. Kwamba mkurugenzi hataisahau hiyo robo saa. Kwamba anayewasaidia bilulu jina lake linaandikwa. Kwamba dada zangu wanakula kwa kazi hii. Nikampa mzee karatasi aione, kana kwamba karatasi ndiyo iliyoamua.

“Tata, mi nilisha kupiga mustari,” nikasema.

Akavuta miwani, akaisoma kutoka juu hadi chini, safu kwa safu, kama alivyosoma kila kitu nilichompa. Alipofika kwenye mstari mwekundu aliupitishia ukucha.

“Iko sawa,” akasema. “Ulinyoosha muzuri.”

Akanirudishia. Alimshika mke wake mkono wakarudi kwenye gari. Mama aligeuka akaniuliza kama ni kesho, nami nikamjibu kwamba sijui, mama, ambalo lilikuwa jibu la uongo. Nilitembea hadi kwenye vibao vya umbali kando ya njia ya kurukia, kwa sababu kupima ilikuwa kazi yangu pia, na nikaona mahali magurudumu yalipoacha ardhi. Niliandika namba. Kwenye madirisha ya ndege ilionekana mifuko, imekaa wima kama watu waliolala.

Jumamosi yake chaki ya Kapata ilitimizwa. Nyumba ilichukuliwa na mtu aliyefanya kazi kwetu kwenye mizigo. Mzee na mkewe walikaa stesheni siku ambazo sikuzihesabu, kwa kuwa sikwenda. Ndiyo, nilikuwa na siku za kupumzika. Nilipewa meza yake, na nilikubali. Mpango ulipelekwa ng'ambo ukiwa na jina la mkurugenzi juu, na watu wa stesheni ndani yake, wote “familia”. Baada ya miezi kampuni ya ng'ambo iliacha kujibu, maana kufikia wakati huo hata mafuta ya ndege ndogo hayakupatikana, na maganda ya karanga yalibaki Moroko bila mtu wa kuyafagia. Dereva mmoja wa lori wa Maniema, Mwislamu aliyekuwa akitusafirishia vipuri, aliniambia kwamba Mbuji-Mayi waliimwaga mifuko yetu pembeni mwa uwanja na watu wakachukua nailoni. Ule mchanga mwekundu bado uko pale, alisema, watoto wanauchezea.

Dereva huyohuyo aliniletea barua. Ilikuwa nusu ukurasa wa karatasi ya miraba. Mzee aliandika kwamba behewa lao lilisimama njiani, Kamina, muda mrefu, na kwamba mke wake alifariki hapo siku ya nne, akazikwa kando ya reli pamoja na wengine, upande wa kaskazini. Hakuandika neno la lawama. Alinitakia afya. Kisha, chini, kulikuwa na swali moja: siku ile ndege iliacha ardhi kwenye kibao cha ngapi?

Nilikuwa nayo namba. Ninayo hadi leo. Ndege ilipaa kabla ya nusu ya njia, nyepesi kabisa, na mbele yake kulibaki barabara ya kutosha kwa mama mmoja na kikapu chake juu ya mifuko yote, bila kuondoa hata mmoja. Nilielewa anauliza nini. Kwa siku mbili nilibeba barua hiyo mfukoni, kisha nikajibu kwamba ndege ilitumia karibu njia yote, ikaondoka kwa shida vibao vikiwa vinaisha, na kwamba isingeweza kubeba zaidi. Niliiandika vizuri, kwa tarehe na saa, nikampa dereva.

Dereva alirudi mara nyingi baada ya hapo, bila jibu. Nami nilijua tangu nilipofunga bahasha kwamba hatauamini uongo wangu. Uzito wa mifuko yote alikuwa nao kichwani, na baridi ya asubuhi ile aliisikia mwilini mwake. Alihitaji penseli tu, na robo saa.